Mdogo Wangu, Nani Kakuambia Huyo ni Tetea?

Wadogo zangu wa Arusha, kuanzia Kisongo mpaka Usa River, na ninyi mliojificha juu kule Ilboru na Nkoaranga, mwezi huu mambo ya ndoa nayaweka pembeni. Kwa jinsi mlivyoniandikia, kinachowakosesha usingizi si waume, ni kuku.

Nianze na mdogo wangu wa Moshono, maana yake yamenichoma. Kanunua vifaranga ishirini vya kienyeji, vya siku mbili tatu, akalipa zaidi ya bei ya kawaida kwa sababu muuzaji alimwapia kwamba wote ni matetea. Sasa wamekua, na nyumba nzima inaamka kabla ya adhana, kwa sababu zaidi ya nusu yao wanawika. Anauliza, "Dada, nimerogwa au nimeibiwa?"

Hukurogwa, mdogo wangu. Tena inawezekana hata muuzaji hakukuibia kwa makusudi, alijiamini tu. Lakini alikuuzia kitu asichokuwa nacho. Kifaranga wa kienyeji wa siku moja hana alama ya nje ambayo mimi, wewe au yule muuzaji tunaweza kuitazama tukasema kwa uhakika huyu jike, huyu dume. Ukitia mkono kwenye boksi ukatoa ishirini bila kuchagua, tarajia matetea kumi hivi na majogoo kumi hivi, na bahati ikikupa mgongo majogoo watazidi. Ile pesa ya nyongeza ulilipia maneno.

Wapo watu duniani wanaoweza kumjua kifaranga wa siku moja, na kazi hiyo ina historia yake. Walioianza ni Wajapani, akina Profesa Kiyoshi Masui, katika miaka ya 1920. Waligundua kwamba ukimbinua kifaranga na kuifungua kidogo njia yake ya haja, ndani kuna kijinundu kidogo mno ambacho kwa dume hujitokeza tofauti na kwa jike. Mwaka 1927 habari hiyo ilifika kwenye mkutano wa dunia wa wafugaji wa kuku mjini Ottawa, Kanada, na tangu hapo viwanda vya vifaranga vya Marekani na Ulaya vikawa vinagombania mafundi kutoka Japani. Fundi aliyeiva hupitisha mamia ya vifaranga kwa saa moja na hukosea wachache sana. Ila anajifunza kwa muda mrefu, kwa maelfu ya vifaranga, mbele ya mwalimu. Kwa hiyo usije ukaona video kwenye simu ukaanza kuwaminya wa kwako. Kifaranga wa siku moja bado ana kiini cha yai tumboni. Ukimbana vibaya unampasulia ndani, na kesho yake amekufa wala hujui kwa nini.

Njia ya pili ni rangi, na hii ndiyo inayowachanganya wengi. Wale kuku wa mayai wa kisasa, layers wa rangi ya kahawia, wazazi wao wamechaguliwa makusudi ili watoto watofautiane rangi siku ya kwanza: majike hutoka wa kahawia, madume hutoka weupe au wa njano. Ndiyo maana kampuni inaweza kukuuzia boksi zima la matetea na ikasema kweli. Njia ya tatu ni manyoya ya bawa. Katika baadhi ya mbegu, jike huota manyoya marefu ya bawa mapema na dume huchelewa. Lakini sikiliza vizuri hapa: mambo haya mawili yanategemea wazazi waliopangwa kitaalamu. Jogoo wako aliyezaliwa Tengeru, ana damu ya Kuchi kwa babu, ya Kuroiler kwa mama na ya Malawi kwa jirani, kampanda tetea asiyejulikana ukoo. Watoto wao watatoka weusi, wekundu, madoa, na mabawa ya kila namna, na hakuna hata kimoja kati ya hivyo kitakachokuambia jinsia. Mtu akikunyooshea bawa la kifaranga wa kienyeji akakwambia "ona, huyu jike", mshukuru kwa somo, umlipe bei ya kifaranga wa kawaida.

Mengine mliyoniandikia ni hadithi tupu. Pete inayoning'inia kwenye uzi juu ya kifaranga. Kumshika kifaranga shingoni uone kama atakunja miguu. Na ile kubwa kuliko zote, kwamba yai lililochongoka ni jogoo na la duara ni tetea. Hii ya yai ni ya kale kuliko sisi sote. Aristotle, Mgiriki yule wa kabla ya Kristo, aliandika kwamba mayai marefu yaliyochongoka hutoa majike na ya duara hutoa madume, wakaja Warumi nyuma yake wakaigeuza. Wazee wenyewe hawakukubaliana, na huku kwetu tumechukua upande wa Warumi bila kujua. Umbo la yai linatokana na mirija ya kuku aliyelitaga. Tetea mmoja hutaga mayai ya umbo lilelile mwaka mzima, na bado hutotoa jinsia zote mbili. Joto la mashine ya kutotolea nalo halibadilishi jinsia ya kuku. Kwa mamba na kasa joto lina neno lake. Kwa kuku halina.

Na kwa kuwa mmenifikisha hapa, niseme kitu kidogo cha pembeni. Kwa kuku, mwenye kuamua jinsia ya mtoto ni mama. Yai linatoka kwa tetea likiwa limeshaelekezwa upande wa jike au dume, na jogoo hana la kuongeza. Kwa binadamu ni kinyume: mbegu ya baba ndiyo inayoamua. Sasa hesabuni ni wanawake wangapi tunaowafahamu, huku mlimani na kule mjini, waliosemwa, walioletewa mke wa pili, kwa sababu "wanazaa wasichana tu". Kama kuna shemeji yangu anayesoma hapa na ana maneno ya namna hiyo nyumbani, ayapeleke bandani akamlaumu tetea. Huko angalau atakuwa sahihi.

Basi ufanyeje, wewe unayetaka matetea tu? Nunua umri. Mimi mtu wangu namwambia kila siku: usinunue ahadi ya muuzaji, nunua wiki. Kuku wa wiki kumi hadi kumi na mbili ni ghali kuliko kifaranga, najua, lakini hapo jinsia unaiona kwa macho yako mwenyewe, na gharama ya kuwakinga na baridi na vifo vya mwanzo kaibeba mwingine.

Cha kutazama kinabadilika na umri. Kuanzia wiki ya nne mpaka ya sita, tazama undu, ule upanga wa kichwani, pamoja na zile ndevu za chini ya mdomo. Kwa kijogoo huanza kunenepa na kupata wekundu mapema, wakati dada zake wa umri huohuo bado ni wadogo na wamepauka. Miguu ya kijogoo ni minene zaidi, anasimama kifua mbele, na wakishtuka wote banda zima yeye ndiye anayeinua shingo kutazama. Lakini hizo ni dalili za kukisia. Linganisha kuku wa rika moja na ukoo mmoja, usimlinganishe mtoto wa wiki sita na wa wiki nane halafu ukatoa hukumu. Na ukiwa na damu ya Kuchi bandani, undu utakudanganya kabisa, maana Kuchi hata jogoo mzima ana undu mdogo uliobanana na kichwa.

Alama ninayoiamini kuliko zote hutoka karibu na mwezi wa tatu. Mshike kuku, mpeleke kwenye mwanga, fungua manyoya ya shingoni na yale ya kiunoni, pale mgongo unapokutana na mkia. Ya kijogoo ni membamba, yamechongoka nchani na yanameremeta. Ya tetea yana ncha ya duara. Kama ni kishingo, shingo iko wazi haina cha kukuonyesha, nenda moja kwa moja kiunoni. Kama ni kidimu, mwenye manyoya yaliyopinda, hapo usijisumbue na manyoya, subiri undu na tabia. Ukienda Tengeru siku ya soko, Jumatano au Jumamosi, usione haya kumgeuza kuku. Muuzaji mwenye kuku mzuri hatakukataza, na anayekukataza umeshamjua.

Kuhusu hao majogoo wako wa Moshono, usiwatupe kwa bei ya hasira. Bakiza mmoja au wawili walio bora, kwa hesabu ya jogoo mmoja kwa matetea nane hadi kumi, waliobaki watenge, walishe, na uwauze Desemba. Arusha nzima mnajua Desemba ilivyo: nusu ya mji inapanda magari kwenda Moshi na Rombo, na hakuna anayependa kufika kwao mikono mitupu.

Sasa twende kwa mama yangu mmoja wa Ilboru. Shikamoo mama. Anasema ana matetea watano, watatu wameatamia kwa wakati mmoja, wawili kati ya hao hawana hata mayai, wamekalia majani matupu, na hakuna anayetaga. Anauliza awaache "wamalize hamu" au afanyeje.

Mama, usiwaache. Kuku anayeatamia hamalizi hamu kwa kuachwa, anajimaliza mwenyewe. Mwili wake umebadilika, homoni zimefunga kizazi kisitoe mayai, anashuka kiotani mara moja kwa siku kwa dakika chache, ale, anywe, aachie kinyesi kikubwa chenye harufu kali, arudi. Anapungua uzito kila siku. Asipokuwa na mayai ya kumtolea vifaranga, siku ishirini na moja zinapita bila kitu na bado amekaa, utitiri unamla na undu umekuwa mweupe. Kwa hiyo ndani ya siku mbili uamue. Ama umpe mayai, ama umtoe kiotani. Hakuna njia ya katikati.

Kwanza hakikisha ameatamia kweli. Kuku anayetaga anaweza kukaa kiotani saa nzima akaondoka. Aliyeatamia hulala hapo usiku, hapandi kwenye ulalio na wenzake. Ukimgusa anajaa manyoya, analia ile sauti nzito ya chini na anaweza kukudonoa. Ukimpapasa kifua utakuta manyoya yamepungua, ameyanyofoa ili ngozi yake iguse mayai. Mwekee mawe mawili laini ya Mto Themi au mayai mabovu uliyoyatia alama. Akikaa nayo usiku wa pili, yuko tayari.

Huyo mmoja mwenye mayai, mama, kuna kosa linafanyika kwenye nyumba nyingi. Tetea anaachwa atage mpaka achoke, mayai kumi na tano, kumi na saba, kisha anayalalia hayohayo. Lile la kwanza lina wiki tatu tayari, uhai wake umeshapungua sana. Halafu wenzake wanaingia kiotani mchana na kuongeza ya kwao, kwa hiyo siku ya kutotoa wapo walioiva, wapo wa nusu, na mengine ni viza yanayopasuka na kuchafua yote. Afadhali uokote kila siku, uandike tarehe kwa penseli, uyaweke mahali pa baridi penye kivuli, ncha ikiangalia chini, na usiyaoshe. Usiyaweke kwenye friji pia. Siku saba ni salama, kumi ndio mwisho wangu. Siku amekubali, usiku gizani, toa mawe uweke mayai yote kwa pamoja. Siku hiyo ndiyo siku ya kwanza, iandike ukutani.

Mwekee mangapi? Wengi husema kumi na tatu. Kwa kuku wetu mdogo wa kienyeji mimi naishia kumi na mawili wakati wa joto, na Juni na Julai naishia tisa. Sisi tunaishi mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, na walio juu zaidi kwenye miteremko ya Meru wanajua ukungu wa asubuhi ulivyo mwezi wa saba. Yai la pembeni lisilofunikwa vizuri linapoa, kuku analivuta ndani na kulisukuma jingine nje, na mwisho wake yote yamepoa kwa zamu. Tisa yaliyofunikwa yanakupa vifaranga wengi kuliko kumi na tano yanayogombania tumbo.

Kiota kiwe ardhini au chini kidogo ya goti, mahali pa giza na utulivu, mbali na wenzake. Tengeneza kwa nyasi kavu juu ya udongo au boksi, nyunyiza majivu chini kwa ajili ya utitiri. Mahindi mazima na maji viwe hatua moja mbali, si mdomoni kwake. Lazima ashuke, la sivyo atachafua mayai. Asiyeshuka siku nzima, mnyanyue kwa mikono miwili taratibu, ukihakikisha hakuna yai limebanwa kwenye kwapa la bawa.

Siku ya saba, usiku, chukua tochi ya simu. Katikati ya kipande cha boksi toboa tundu dogo kuliko yai, weka tochi chini, yai juu, zima taa. Lenye uhai utaona doa jeusi na mishipa myekundu imetawanyika kutoka kwake. Lisilo na kitu litang'aa tupu, hilo toa. Lenye duara la damu bila mishipa limekufa, nalo toa. Hapa ndipo faida ya kuwa na kuku watatu walioatamia pamoja inapoonekana. Ukiwawekea mayai usiku mmoja, siku ya saba ukiondoa mabovu, yaliyobaki unaweza kuyakusanya kwa wawili, na wa tatu ukamwanzishia mayai mapya au ukamtoa kabisa arudi kutaga. Na siku ya kutotoa unaweza kumpa mama mmoja vifaranga wa wote, ukiwapenyeza chini yake usiku. Asubuhi atawalea bila kuuliza ukoo.

Siku ya kumi na nane mpaka ya ishirini na moja, kaa mbali. Usimsaidie kifaranga kupasua yai. Najua inauma kumsikia analia ndani na huku hatoki, lakini mishipa iliyoko kwenye ngozi ya ndani ya yai bado ina damu yake. Ukibandua mapema anavuja. Aliyetoka naye hana haraka ya kula, kile kiini alichokiingiza tumboni kinamtosha siku mbili hivi. Ndicho kinachowezesha vifaranga kusafirishwa kwenye boksi kutoka mikoa mingine mpaka Arusha wakafika wazima.

Mama, wale wawili waliokalia majani, kama huna mayai ya kuwapa, mimi nikiwa wewe ningewatoa kiotani. Naomba tu usimtumbukize kuku kwenye ndoo ya maji, na ule unyoya wanaopitisha puani pia tuuache. Julai ya hapa, kuku aliyelowa kifuani anaweza kuugua kabla ya kusahau mayai. Kinachomtuliza ni hewa ya ubaridi chini ya tumbo, mwanga, na kukosa kona ya kujificha. Mweke kwenye tenga au tundu la waya lililoinuliwa kutoka chini, hewa ipite, bila nyasi ndani, karibu na wenzake awaone. Maji na chakula kizuri awe navyo muda wote, hii si adhabu. Siku tatu hadi tano zinatosha kwa wengi. Mfungulie jioni. Akienda kwenye ulalio amepona, akikimbilia kiotani mrudishe. Kutaga kutarudi baada ya wiki moja mbili, na wakaidi hufika ya tatu. Na kuanzia leo okota mayai kila jioni, kwa sababu rundo la mayai ndilo linalomwita.

Kuna kaka wa Usa River ameuliza kwa nini Kuroiler wake hawaatamii, ana wasiwasi ni wagonjwa. Wazima kabisa. Kuroiler walitengenezwa India kwa ajili ya wafugaji wa vijijini, wenzao wa mbegu ya Sasso ni wa Ufaransa, na mbegu nyingi za aina hiyo zimechaguliwa kwa mayai na nyama, ile hamu ya kulalia imepunguzwa. Yeye anataga, kazi ya kulalia mpe tetea wa kienyeji. Tetea huyohuyo atakulalia hata mayai ya kanga na ya bata, ila hesabu zao ni ndefu: kanga ni siku 26 hadi 28, na baadhi ya bata wa mitaani hufika 35, ambazo kwa kuku ni mateso. Nisingempa.

Lini ukuze? Kwa matetea, mimi nawapenda waliotoka mwishoni mwa Agosti na Septemba. Baridi imeshaisha, wanakua kwenye joto la mwisho wa mwaka, na wanaanza kutaga karibu na Machi na Aprili wakiwa na mwili wa kutosha. Ukitaka majogoo ya chotara ya Krismasi, mayai yaingie chini ya kuku mwishoni mwa Julai ili watoke katikati ya Agosti, upate miezi minne. Wa kienyeji halisi hawafikii uzito kwa muda huo. Hao inabidi wawe wametoka Mei au Juni, na hapo unaingia kwenye kazi ya baridi.

Kazi ya baridi ni hii. Kama mama yao yupo, muda mwingi joto ni lake, wewe mwekee chumba kikavu chenye maranda na usiwaachie nje kabla umande haujakauka. Wakiwa na wiki nne wakati wa joto unaweza kuwatenga naye ili arudi kutaga. Juni na Julai mwachie mpaka wiki sita. Kama hawana mama, wiki ya kwanza wanataka nyuzi joto 32 hadi 35, halafu unashusha kidogo kila wiki. Huna kipimajoto? Watazame. Wakirundikana juu ya wenzao, wana baridi. Wakikimbilia pembeni na kuhema midomo wazi, umewachoma. Wakitawanyika na kulala hovyo, hapo ndipo.

Na hili nalisema kwa ukali wa dada mkubwa. Usiwashie jiko la mkaa kwenye chumba kilichofungwa. Kila baridi ikija watu wanaziba madirisha kwa magunia, wanaingiza jiko, asubuhi wanakuta vifaranga wamekufa bila jeraha wanasema ni ugonjwa. Mkaa unatoa hewa ya sumu isiyo na harufu. Inaua kifaranga, na inamuua mtoto wako aliyelala chumba cha pili. Mkaa uwakie nje mpaka uwe mwekundu wote, uwekwe kwenye chungu chenye matundu, na sehemu ya juu ya ukuta ibaki wazi. Wala usilale humo.

Chanjo sitairefusha. Mdondo, ambao wengine wanauita kideri, ukiingia bandani haujali ulivyototolesha kwa ustadi. Chanjo ya I-2 inatengenezwa hapa nchini, Kibaha, inavumilia joto kuliko za zamani, ni tone moja la jicho, na inarudiwa kila miezi mitatu. Chupa moja inachanja kuku wengi na haiwekwi kiporo, kwa hiyo changeni majirani watano mnunue moja. Ulizeni ratiba ya vifaranga kwa afisa mifugo wa kata kabla hawajatoka kwenye mayai, si siku wanapoanza kusinzia.

La mwisho limetoka Njiro. Mdogo wangu ana tetea mzee, alikuwa anataga vizuri, sasa ameacha, undu umeota mkubwa, na juzi amewika. Mama mkwe wake anataka achinjwe leoleo kabla ya msiba kuingia nyumbani. Mdogo wangu, tetea ana kizazi kimoja tu kinachofanya kazi, cha kushoto. Kikiharibika kwa ugonjwa au uzee, homoni za kike zinashuka, na anaweza kuanza kuota undu na manyoya ya kidume, hata kuwika. Hakuna msiba aliokuletea. Lakini mayai pia hatakuletea tena, na chakula cha kuku kimepanda bei. Kama anakula vizuri na hana dalili ya ugonjwa, mwambie mama mkwe umekubali, mchinje, ila kwa sababu hatagi. Ukimpasua tumbo ukakuta uvimbe au maji, usile, mfukie. Ukimkuta safi, mchemshe muda mrefu na tangawizi kabla ya kumuunga, maana kuku wa umri ule hana haraka ya kulainika, na mama mkwe mnawishe mikono mwenyewe akae mezani.